Nembo za Bidhaa na Dhamiri ya Mnunuzi

Katika maduka ya Mji Mkongwe, kuanzia Shangani hadi Mkunazini, viungo, sabuni za mwani na kahawa huuzwa vikiwa na nembo zinazotangaza kilimo hai, biashara ya haki au utunzaji wa mazingira. Mgeni huzisoma kwa makini. Sisi wenyeji, tukitoka Misa pale Minara Miwili na kupitia Darajani, mara nyingi tunauliza bei tu. Yafaa basi tujiulize: nembo hizi zinaahidi nini, na zinanyamazia nini?

Swali hili si geni visiwani. Katika karne ya 19 karafuu za Unguja na Pemba zilifika nchi za mbali, na harufu yake nzuri haikumwambia mnunuzi kwamba zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria mashambani hadi amri ya mwaka 1897. Wanunuzi waliendelea kununua.

Nembo ya biashara ya haki ilikusudiwa kuvunja ukimya wa namna hiyo. Mwaka 1988 Padre Frans van der Hoff, mmisionari Mholanzi aliyeishi na wakulima wa kahawa wa Oaxaca, Meksiko, alishirikiana na Nico Roozen kuanzisha nembo ya Max Havelaar nchini Uholanzi. Kutokana na juhudi hizo na nyingine za namna hiyo ulikua mfumo wa Fairtrade, wenye bei ya kima cha chini na nyongeza ya fedha kwa maendeleo ya wakulima. Vyama vya ushirika vya Kilimanjaro (KNCU) na Kagera (KCU) vimeuza kahawa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, cheti kina gharama: ada, ukaguzi na utunzaji wa kumbukumbu. Tumtazame mama wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989. Maji yakipwa, hushuka pwani na kuinama juani akifunga mwani kwenye kamba. Joto la bahari linapozidi, aina ya cottonii yenye bei nzuri hufa, akabaki na spinosum ya bei ya chini. Mavuno yake huishia katika dawa ya meno na aiskrimu za watu asiowajua. Mwaka 2017 mashirika ya ASC na MSC yalitoa kiwango cha kimataifa cha mwani. Kiwango hicho kinagusa mazingira na masharti ya kazi, lakini hakimwekei mama huyu bei. Nembo ya kulinda bahari, kwa hiyo, si lazima iwe nembo ya malipo ya haki.

Njia iliyo karibu zaidi na maskini ipo. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na nembo ya Kilimohai, kinakubali pia udhamini shirikishi: wakulima wa kikundi hutembeleana mashambani, hukaguana na kudhaminiana. Jirani ndiye shahidi, kwa gharama nafuu. Waamini waliolelewa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wanaweza kuuelewa uaminifu wa namna hiyo, pamoja na udhaifu wake pale jirani anapoogopa kusema kweli.

Papa Benedikto XVI, katika waraka wa Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, na Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo katika Laudato si' mwaka 2015. Fundisho hili linawahusu ndugu zetu wanaoagiza vyakula vya hoteli, na linatuhusu sisi sote. Tukiiona nembo, tuulize nani anaitoa, inakagua nini, na mzalishaji anapata nini. Isipokuwapo, tumuulize muuzaji bidhaa imetoka wapi. Na tunapokata bei ya mkeka au ya fungu la mchicha hadi muuzaji akose faida, tumkumbuke Mtume Yakobo, aliyeandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana.