Usitundike runinga kabla ya kuujua ukuta

Runinga za siku hizi zimekonda. Ile ya zamani, yenye mgongo uliotutumka kama nundu ya ngamia, ilikuwa mzigo wa wanaume wawili, na ikishawekwa mezani haikuondoka hapo mpaka siku ya kuhama. Hii mpya ni bapa kama sinia. Ya inchi 32 huwa na uzito wa kilo 4 hadi 6 tu, na mama wa nyumba huweza kuihamisha peke yake. Kwa sababu ya wepesi huo tumeacha kuiogopa, na hapo ndipo ninapoona hatari kwa watoto wetu.

Huko Marekani watafiti walizipitia rekodi za idara za dharura za hospitali kuanzia mwaka wa 1990 hadi 2011. Walikadiria kwamba watoto zaidi ya 380,000 walitibiwa kwa majeraha yaliyotokana na runinga katika miaka hiyo 22. Wengi walikuwa chini ya umri wa miaka mitano, na mara nyingi walioumia waliumia kichwani na shingoni. Kiwango cha walioangukiwa kilikaribia kuongezeka maradufu katika kipindi hicho hicho ambacho runinga zilikuwa zikipungua unene. Sababu yake haihitaji daktari kuieleza. Runinga bapa husimama juu ya vijiguu vyembamba, na mtoto wa miaka miwili akining'inia kwenye ukingo wa meza, kinachopokea mzigo ule ni kichwa chake.

Ushauri uliotolewa tangu hapo ni kuitundika ukutani. Nami naukubali, mradi tu ukuta uwe ni ukuta. Tatizo ni kwamba ushauri huu uliandikwa na watu wenye nyumba za aina moja, na sisi tuna nyumba za aina nyingi.

Chukua mfano wa kijana aliyeajiriwa Nairobi au Eldoret, ambaye wazazi wake wako Turkana. Mwisho wa mwaka anawanunulia runinga ya inchi 43. Mwenye duka anamuuzia pia kile chuma cha kutundikia, ambacho mafundi hukiita braketi, pamoja na kijifuko cha skrubu. Mzigo unapakiwa kwenye basi hadi Lodwar, na kutoka hapo unasafirishwa zaidi ya kilomita 50, nyingine zikiwa za mchanga mtupu, hadi Eliye Springs kando ya Ziwa Turkana, pale ambapo chemchemi hububujika kutoka mchangani chini ya mikoma. Umeme upo, wa paneli za jua. Fundi amefika na keekee yake. Sasa atatoboa nini? Nyumba nyingi za huko ni fito na makuti ya mikoma. Ni nyumba za busara sana kwa mahali pale, kwa maana hupitisha upepo na kupunguza joto, lakini kuta zake hazikuumbwa zibebe kitu. Upepo wa ziwa ukivuma usiku, ukuta mzima hucheza, na skrubu iliyotiwa kwenye ufito mwembamba hulegea kidogo kidogo bila mtu kuona.

Katika nyumba ya namna hiyo nasema waziwazi: braketi irudishwe dukani. Runinga na ikae chini, juu ya meza fupi, pana na nzito, isiyoyumba mtoto akiisukuma. Nyuma ya runinga kuna matundu manne ya skrubu. Funga mkanda imara kwenye matundu hayo, kisha uufunge kwenye meza yenyewe. Anayetaka lazima itundikwe, na achimbie nguzo mbili kwa zege, si kwa mchanga mtupu, kisha apigilie ubao mzito kati yake na kufunga braketi kwenye ubao huo. Mathenge, mti ule unaolaaniwa Turkana nzima kwa miiba yake na kwa kuvamia malisho, ungepata kazi ya heshima hapo kama ungepatikana ulionyooka.

Lodwar mjini mambo ni mepesi zaidi, lakini si mepesi kama watu wanavyofikiri. Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa matofali ya simenti, na kuna matofali na matofali. Aliyebana matumizi ya simenti alikuachia tofali ambalo kwa macho ni jiwe na kwa ndani ni mchanga. Njia ya kulitambua ni kuisikiliza keekee. Ikikwama na kulia, na unga ukatoka mchache mchache, hilo ni tofali. Ikizama kama kijiko katika unga wa ugali, simamisha kazi utafute mahali pengine. Plasta ya juu haihesabiwi, kwa kuwa yenyewe haina nguvu. Skrubu ipite plasta na kuingia ndani ya tofali angalau sentimita 5. Tena tundu lisiwe kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Vile vidude vya plastiki vinavyochomekwa tunduni ili skrubu ishike viwe saizi moja na tundu. Fundi anayejaza tundu pana kwa vijiti vya kiberiti au karatasi iliyokunjwa anatega mtego, hata kama ni binamu yako na hakukutoza kitu.

Kakuma nako kuna tatizo la namna nyingine. Tangu kambi ile ilipofunguliwa mwaka wa 1992, familia nyingi za wakimbizi zimeishi katika nyumba za matofali ya udongo yasiyochomwa, zilizoezekwa mabati. Tofali la namna hiyo hustahimili uzito unaolikandamiza kutoka juu. Halistahimili kitu kinacholivuta kwenda mbele, na braketi huvuta kwenda mbele. Mvua ikinyesha na laga ya Tarach ikafurika, udongo hunyonya maji na kulainika, na tundu lililokuwa imara mwezi uliopita linakuwa tope. Kwa ukuta huu ipo dawa moja tu ninayoiamini: ubao mbele, ubao nyuma upande wa nje, na bolti ndefu zinazopenya ukuta mzima na kukazwa kwa nati. Mzigo hapo hubebwa na upana wote wa mbao badala ya vitundu vinne. Kuta za mabati zenyewe sitazizungumzia sana. Bati ni nguo ya nyumba, na kilicho mwili ni mbao za ndani. Kama huzijui ziliko, usitoboe.

Sasa braketi yenyewe. Ziko aina tatu: iliyobana ukutani isiyosogea, inayoinama mbele kidogo, na yenye mkono unaovutwa nje na kugeuzwa huku na huku. Hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa madukani kwa sababu inafurahisha mikono, na ndiyo ninayowakataza wazazi wenye watoto wadogo. Mtu aliyewahi kubeba maji ataelewa upesi. Jerikeni la lita 20 ukilikumbatia kifuani unaweza kutembea nalo; hebu lishike kwa mkono ulionyooshwa mbele uone utahesabu mpaka ngapi. Runinga ya inchi 55, yenye kilo 14 hadi 18, ikivutwa nje kwa mkono wa chuma, skrubu za juu hupata taabu hiyo hiyo, usiku na mchana. Mtoto akiongeza uzito wake kwa kuning'inia, mahesabu yamekwisha.

Kabla ya kununua, pima umbali kati ya yale matundu manne ya nyuma ya runinga. Kipimo hicho huitwa VESA na huandikwa kwa milimita, kama vile 100 kwa 100 au 200 kwa 200, na lazima kilingane na cha braketi. Angalia pia kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Mimi siwezi kuridhika na braketi inayotosha uzito wa runinga tu. Nataka inayobeba mara mbili au zaidi. Na ikishafungwa, kabla runinga haijapanda, ivute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, kisha itundikie jerikeni lililojaa maji mpaka asubuhi. Ukuta ukitoa ufa au chuma kikisogea hata kidogo, umeokoa runinga na huenda umeokoa mtoto. Mwezi ukipita, kaza skrubu tena.

Kuhusu kimo, hapa tunajitesa bure. Katika mahoteli na kumbi za video, runinga hutundikwa karibu na dari ili watu wa nyuma waone na mkono wa mwizi usifike. Biashara ina sababu zake. Lakini mtu anapoiga hivyo sebuleni mwake, analazimisha shingo ya familia nzima iinuke kwa saa mbili za mpira, halafu asubuhi anatafuta dawa ya maumivu ya shingo na kichwa. Katikati ya kioo panafaa kuwa sawa na macho ya mtazamaji aliyeketi. Kwa mtu mzima aliye kwenye kiti cha kawaida ni kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni. Kwa aliyeketi mkekani ni kama 75, na mzee wa Kiturkana aliyekalia ekicholong, kile kigoda chake kifupi, yuko kati ya hapo. Kwa hiyo uliza kwanza watu wa nyumba hiyo huketi wapi. Wapo watakaosema kwamba runinga ya chini itafikiwa na mtoto. Ni kweli, ataigusa na kuichafua kwa vidole. Kama imefungwa ipasavyo haitamwangukia, na hilo ndilo ninalolijali. Usiweke tu rimoti au peremende juu yake, maana hapo umemwita apande.

Isitoshe, runinga iliyotundikwa pembe moja ambako nyumba nzima huiona haizimwi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Fikiria hilo unapochagua ukuta.

Joto nalo lisisahauliwe. Mchana wa nyuzi 35 za Selsiasi ni wa kawaida Lodwar, na watengenezaji wengi huandika kwamba runinga isitumiwe katika joto la zaidi ya nyuzi 40. Ukuta unaopigwa na jua la jioni hufika huko bila shida. Chagua ukuta wa kivulini, na uache nafasi ya vidole vichache nyuma ili hewa ipite na vumbi lifutike. Siku ya kutoboa, zima umeme wote wa nyumba, kama keekee inatumia betri. Kama inahitaji umeme, usitoboe kamwe juu au chini ya swichi na soketi, kwani nyaya hupita hapo. Fundi na afunike pua na macho, na watoto wakae nje, kwa kuwa vumbi la simenti halifai mapafu ya mtu yeyote.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu ya barabara. Mtoto akiumia kichwa Eliye Springs, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, ng'ambo ya mchanga ule. Akihitaji upasuaji mkubwa wa kichwa na kupelekwa hospitali ya rufaa ya Moi huko Eldoret, ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo runinga ikimwangukia mtoto, usimtikise wala kumwinua kwa kumvuta mikono au shingo, na asikandwe na mtu yeyote. Akitapika mara kwa mara, akizidiwa na usingizi usio wa kawaida yake, akipata degedege, akitokwa na damu au maji puani au masikioni, au akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali mara moja. Hata akionekana mzima, chunguza hali yake kwa saa 24 na umwamshe usiku mara kadhaa. Ukifika hospitali mwambie muuguzi runinga ilikuwa ya inchi ngapi, ilianguka kutoka kimo gani, na ilimpata wapi mwilini.