Draiva mpya ya sauti: "inafanya kazi" haitoshi

Kuna ripoti mbili ambazo hazimsaidii mtunzi wa draiva hata kidogo. Ya kwanza ni "haifanyi kazi". Ya pili, ambayo wengi hawaoni ubaya wake, ni "inafanya kazi". Leo nina neno na hawa wa pili.

Tuchukue mfano wa OS/2. Kwa wasioujua, huu ni mfumo endeshi ulioanzishwa na IBM na Microsoft mwaka 1987, na mashine nyingi za ATM za miaka ya 1990 ziliendeshwa nao. IBM iliacha kuuhudumia mwishoni mwa 2006. Hata hivyo bado unapumua: kampuni ya Arca Noae ilitoa ArcaOS 5.0 mwaka 2017, na toleo la 5.1 la mwaka 2023 likaweza kuwaka kwenye kompyuta za UEFI. Humo kuna draiva ya sauti iitwayo Uniaud, ambayo kwa sehemu kubwa ni msimbo wa ALSA, ule mradi wa sauti wa Linux, uliohamishiwa OS/2. Ndio uzuri wa programu huria: jasho la Linux linamlisha na jirani.

Sasa shida iko wapi? Tangu Intel itoe kanuni za HD Audio mwaka 2004, chipu ileile ya sauti inaweza kuungwa kwa namna tofauti kwenye kila madabodi. Mtengenezaji mmoja anaunga spika kwenye mguu huu, mwingine anaunga hedifoni hapo hapo. Ndiyo maana ndani ya ALSA kuna orodha ndefu ya marekebisho ya modeli moja moja. Mtunzi hana kompyuta yako, na hataipata. Masikio yake ni wewe.

Wapo watakaosema: ya nini kujisumbua? Nitauweka mfumo ndani ya VirtualBox na sauti itatoka. Kweli itatoka, lakini humo kadi ya sauti ni ya kuigizwa. Ikifaulu, imefaulu kwa kadi hiyo tu; haikuambii lolote kuhusu laptopu iliyo mezani. Na mfumo mkongwe huzikwa pale kompyuta ya mwisho yenye draiva zake inapoharibika.

Basi jaribio la maana likoje? Mimi nafuata hivi:

1. Nakili kwanza faili za draiva ya zamani pamoja na CONFIG.SYS. Mfumo ukigoma kuwaka, bonyeza Alt na F1 mwanzoni kabisa upate njia ya kurudi. Usibadilishe kitu kingine chochote siku hiyo.

2. Zima kompyuta kabisa, kisha uiwashe. Ukitoka Windows na kuingia OS/2 bila kuzima, chipu inaweza kubaki na mipangilio iliyowekwa na Windows. Draiva itaonekana hodari kwa kazi iliyofanywa na mwenzake.

3. Usiridhike na ule mlio wa kuwaka. Ni wa sekunde chache tu. Cheza faili ndefu huku ukinakili faili kubwa kwenye diski. Sauti ikianza kukatakata, umepata cha kuripoti.

4. Pima mwendo. Chukua faili ya sekunde 60 iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Draiva ikiicheza kimakosa kwa 48,000, itaisha kwa sekunde 55 hivi na mwimbaji atasikika mwembamba kidogo. Sikio linaweza kudanganyika, lakini saa ya mkononi haidanganyiki.

5. Chomeka hedifoni: je, spika zinanyamaza? Jaribu upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia. Punguza sauti hadi sifuri. Rekodi kwa maikrofoni.

Ukimaliza, andika: toleo la draiva, jina la chipu, modeli ya kompyuta, ulichofanya na ulichosikia. Kisha rudisha draiva ya zamani na urudie jaribio lilelile. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Kama kasoro ilikuwepo tangu zamani, hilo ni jambo moja. Kama imeletwa na toleo jipya, hilo ni jingine kabisa. Ukijua toleo la mwisho lililokuwa zima, na baada yake kuna matoleo 16, ukianzia katikati na kugawa nusu kwa nusu majaribio manne tu yanamfikisha mtunzi kwenye lile lililoleta kasoro.

Najua kuna anayesema yeye si mtunzi wa programu, kwa hiyo hana la kuchangia. Sikubaliani naye. Hakuna hata hatua moja hapo juu inayohitaji kujua C. Inahitaji kompyuta, saa, kalamu na subira ya jioni moja. Mifumo mikubwa ina maabara na wafanyakazi wa kufanya kazi hii. Mifumo mikongwe ina watumiaji wake tu, nao wakikaa kimya, mtunzi anabaki kubahatisha gizani.

Kwa hiyo draiva mpya ikitoka, ipakue, ijaribu, andika ulichosikia. Hata kama yote yako sawa, sema yako sawa kwenye mashine gani na ulijaribu nini.