Kisanduku kipandacho ndege kiseme Kiswahili

SAFU: KUTOKA CHAKE
Na Hamad Kombo Faki

Mchukuzi mmoja uwanjani Pemba aliniuliza wiki iliyopita: "Mzee, huu moto uliochorwa kwenye boksi ni nembo ya kampuni gani?" Sikulala vizuri usiku ule, maana moto huo si nembo, ni onyo.

Hapo Wawi, karibu na Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) kinachosarifu mafuta ya makonyo ya karafuu, na pia ya mkaratusi. Kwa macho, chupa zote ni mafuta. Lakini mvuke wa mafuta ya makonyo hauwaki mpaka joto lipite nyuzi 100, na wa mkaratusi nyuzi 50 hivi zinautosha. Kanuni za anga huhesabu kimiminika kinachowaka kwenye nyuzi 60 au chini yake kuwa hatari ya daraja la 3: kifungwe kwenye boksi lililopimwa, libandikwe kibandiko chekundu cha umbo la kishada chenye moto, na namba ya Umoja wa Mataifa (UN). Anayepaswa kutamka kilichomo ni mpelekaji mwenyewe.

Wawi hiyo hiyo ipo maabara ya afya ya Ivo de Carneri. Sampuli ya damu ya mgonjwa ikipanda ndege hufungwa mara tatu: kichupa kisichovuja, kitu cha kufyonza, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu lenye alama ya UN 3373, ambalo likianguka kutoka mita 1.2 halimwagi kitu. Nayapenda masharti hayo, maana ndege zetu ni ndogo na mzigo unasafiri karibu na migongo ya watu.

Na mzigo usiotamkwa sawasawa huua: tarehe 11 Mei 1996 ndege ya kampuni ya ValuJet iliwaka na kuanguka kwenye kinamasi cha Everglades, Florida. Walikufa watu 110. Ilibeba mitungi ya kemikali ya kuzalisha oksijeni, isiyo na vifuniko vya usalama, na karatasi zikasema ni mitupu.

Yule mchukuzi hakukosa akili. Amekosa maneno. Maelekezo ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, yanataka Kiingereza kitumike pamoja na lugha ambayo nchi unakotoka mzigo itaidai. Basi Mamlaka ya Usafiri wa Anga idai Kiswahili, na wakuu wa uwanja wabandike tafsiri ya kila kishada pale mizigo inapopokelewa. Naomba maneno manne tu kando ya ule moto: "Kimiminika kinachowaka. Usikilaze. Usikipige."