Kufuli la filamu lamwumiza aliyelipa, mwizi anapita

Mwishoni mwa mwaka 1998, vituo vya televisheni vya Marekani vilipoanza kurusha matangazo ya dijitali, walikuwapo watu waliokwenda madukani na kulipa maelfu ya dola kwa runinga moja. Ndizo zilizokuwa runinga za kwanza za HD nchini humo, yaani za picha ya ubora wa juu. Wanunuzi hao wa mwanzo ndio waliobeba gharama ya kufungua soko, na bila fedha zao bei isingeshuka haraka kwa waliokuja baadaye.

Ajabu ni kwamba hao hao ndio waliokuja kufungiwa mlango.

Nyingi ya seti zao zilipokea picha ya HD kwa nyaya tatu zenye vichwa vyekundu, kijani na buluu. Yeyote aliyewahi kuuza deki za DVD anazifahamu nyaya hizo. Picha inayopita humo ni ya analojia na haina kufuli. Kampuni za filamu za Hollywood zikaingiwa na hofu kwamba watu wangeinasa ikiwa safi na kuchapa nakala za kuuza. Intel ikabuni mfumo wa HDCP, uliotolewa mwaka 2000. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: kabla picha haijapita, deki au king'amuzi huiuliza runinga neno la siri. Runinga ikijibu sawasawa, picha inapita. Isipojibu, kioo kinabaki cheusi au picha inashushwa ubora. Tundu la HDMI lilipoanza mwishoni mwa 2002, likawa njia kuu ya kubeba mfumo huo.

Runinga iliyonunuliwa mwaka 1999 haikuwa na tundu hilo na haikujua neno lolote la siri. Haikuwa mbovu. Kioo chake kilikuwa na uwezo ule ule uliotangazwa dukani, na mwenyewe hakuwa ameiba filamu ya mtu.

Mwaka 2006 deki za Blu-ray ziliingia sokoni zikiwa na kanuni mpya za ulinzi. Kanuni hizo zilimruhusu mwenye filamu kuamuru deki ipunguze picha inayotoka kwa nyaya za analojia, kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 960 kwa 540. Hiyo ni robo ya picha. Mwanzoni kampuni nyingi za filamu hazikuitumia amri hiyo, lakini rungu lilikuwa mkononi mwao. Kisha ikaja tarehe ya mwisho: deki zilizotengenezwa baada ya 2010 zilitakiwa kushusha picha ya analojia ya filamu zilizolindwa hadi ubora wa kawaida wa zamani, na zilizotengenezwa baada ya 2013 zisiitoe kabisa kwa njia hiyo. Aliyetaka kuendelea kupata HD kwa deki mpya alilazimika kununua runinga nyingine.

Hoja ya Hollywood si ya kupuuzwa. Filamu hugharimu fedha nyingi, na hata watengenezaji wa Bongo Movie wanajua uchungu wa kuona nakala bandia zikiuzwa barabarani kabla yao hawajarudisha mtaji. Lakini kufuli hupimwa kwa mwizi linayemzuia. Septemba 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja kwenye intaneti, na Intel yenyewe ikakiri kuwa ni wa kweli. Wenye ujuzi wa kunakili waliendelea na shughuli zao. Aliyebaki nje ni mzee mwenye runinga yake ya dola elfu kadhaa sebuleni.

Na si kwamba jambo hili halipingiki. Mwaka 2003 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha amri ya kuwekwa alama ya ulinzi hata kwenye matangazo ya bure ya angani. Chama cha wakutubi cha nchi hiyo pamoja na wengine wakaenda mahakamani, na Mei 2005 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema FCC haikuwa na mamlaka hayo. Wakutubi, si wauza runinga! Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana la kujifunza hapo.

Maana kisa hiki kimekwisha kujirudia. Runinga za 4K zilikuwa zimeanza kuuzwa kufikia mwaka 2012, lakini HDCP 2.2, ambayo ndiyo iliyokuja kudaiwa na vifaa vya 4K, ilitoka 2013. Seti nyingi za mwanzo hazina toleo hilo. Zikiunganishwa na deki ya Blu-ray ya 4K, filamu iliyolindwa huonekana kwa ubora wa chini. Runinga za aina hiyo zikifika Luthuli, Kariakoo au Kampala kama mtumba, zitabandikwa neno 4K na kuuzwa hivyo. Mteja akigundua hatawapigia simu Hollywood. Atarudi dukani na risiti mkononi, na muuzaji wa mwisho ndiye atakayerudisha fedha au kupoteza mteja.

Ukanda huu unaujua uchungu wa kutangulia. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na king'amuzi kinachosoma mfumo wa kwanza tu hakiwezi kupokea wa pili. Sababu haikuwa ulinzi wa nakala, lakini mfuko uliotobolewa ni ule ule.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa kuoanisha viwango, na TBS, KEBS, UNBS na wenzao hukagua bidhaa za umeme. Wangelazimisha kila boksi la runinga na king'amuzi liandikwe wazi, kwa Kiswahili pia, toleo la HDCP na mfumo wa matangazo ambao kifaa kinapokea. Mistari miwili tu ya wino. Hati za forodha pale Namanga na Mutukula huonyesha bidhaa ni nini, ina thamani gani na imetoka wapi, ilhali kinachoamua kama runinga itaonyesha picha kamili hakiandikwi popote.

Hadi hilo lifanyike, anayefuata mzigo Dubai atumie njia ya mafundi. Asiridhike na runinga kuwaka. Aende na deki mpya ya 4K, waya mzuri wa HDMI na filamu halisi, aunganishe kila tundu moja baada ya jingine, kisha afungue ukurasa wa taarifa za picha asome ubora unaoingia kabla ya kulipa.