Mtoto wa mbwa wa bure ndiye ghali kuliko wote

MASHINANI
Na Musembi Kilonzo

Katika vijiji vya Katelembo, karibu na mji wa Machakos, mtoto wa mbwa hana bei. Mbwa jike wa jirani akizaa, unakwenda kuchagua mmoja, unamtia kwenye gunia, unashukuru na kuondoka. Ukiona haya kwenda mikono mitupu, unabeba sukari kilo moja. Nairobi mambo ni mengine: mtoto wa German Shepherd huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na wanunuzi hawakosekani. Ndiyo maana wenzetu wanaostaafu na kurudi nyumbani kufuga mbuzi na kondoo wa Dorper huniuliza: mbwa wa kuchunga mifugo anauzwa pesa ngapi?

Jibu langu huwaudhi. Pesa za kumnunua ndizo ndogo zaidi katika gharama zake zote. Na huyu tunayepewa bure, kwa jinsi tunavyomlea, ndiye anayetufilisi.

Tuanze na wa pesa nyingi. Februari 2021, huko Wales, mbwa jike wa aina ya Border Collie, jina lake Kim, aliuzwa mnadani kwa pauni 27,100. Kwa thamani ya shilingi yetu wakati ule, hizo ni zaidi ya milioni 4. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mnunuzi hakulipia manyoya wala sura. Alilipia ukoo na mafunzo, kwa kuwa Kim alikuwa tayari anajua kazi. Wafugaji wa huko walianza kuwashindanisha mbwa wa kondoo mjini Bala, Wales, mwaka 1873, na chama chao cha kimataifa, kilichoundwa mwaka 1906, baadaye kikaanza kuandika vizazi daftarini: nani kamzaa nani, na nani alishinda wapi. Hiyo ni zaidi ya karne moja ya kuchagua wanaofaa na kuwaacha wasiofaa. Bei ya Kim ilibeba jasho la mababu wa muuzaji.

Lakini kazi ya Kim ni kuswaga. Mchunga hupiga mluzi akiwa bondeni, naye mbwa hupanda mlima, akazunguka kundi la kondoo na kulishusha bila kuuma hata mmoja. Je, kazi hiyo ipo kwetu? Jina la Katelembo Wakenya wengi walilisikia kupitia chama cha ushirika cha ukulima na ufugaji kinachobeba majina matatu kwa mpigo: Katelembo, Athiani na Muputi. Enzi za ranchi pana, mbwa wa mluzi angepata la kufanya. Leo ranchi nyingi za upande huu wa kaunti zimekatwa vipande na kuwekewa vigingi. Mbuzi wetu ni wachache, wengine wamefungwa kamba kando ya shamba, wengine wanafuatwa na mtoto aliyefunga shule. Tunachohitaji ni mbwa wa kukaa na mbuzi mchana, kulala karibu na zizi usiku, kumbwekea mwizi anayekuja na pikipiki na kumsumbua fisi anayepanda kutoka tambarare za Athi.

Kwa kazi hiyo, mbwa wa kienyeji anatosha, na sisemi hivyo ili tujifariji. Utafiti uliofanywa Laikipia na maeneo jirani, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mchana hatari ya kuvamiwa na wanyama wakali ilikuwa ndogo zaidi kwa makundi madogo yaliyofuatana na wachungaji pamoja na mbwa. Usiku, mifugo waliosalimika zaidi ni wale wa maboma yenye kuta nene na milango michache, tena yenye watu na mbwa ndani yake. Mbwa hao hawakutoka Wales wala Ujerumani. Namibia ilianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji mbwa wa Anatolia kutoka Uturuki, na wakafanya kazi nzuri. Hata hivyo, watafiti wa Botswana walipowalinganisha mbwa wa kienyeji wa Watswana na aina za kigeni, walikuta wa kienyeji hawakupitwa kazini, tena matunzo yao ni nafuu.

Tunapaswa kuelewa hili upesi kuliko wengine, kwa sababu limetokea mlangoni petu. Pale Kapiti, katika kaunti hii hii, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, hufuga kondoo wa Red Maasai. Kwa miaka mingi wafugaji walimdharau kwa udogo wake na kumkimbilia Dorper, hadi wanasayansi walipopima na kuthibitisha kwamba anastahimili minyoo ya tumbo inayowaua wageni. Mbwa wetu bado anasubiri heshima hiyo.

Sasa tuje kwenye gharama zenyewe. Mlinzi wa mbuzi hazaliwi akijua kazi. Kwanza unachagua mama, yaani mbwa jike anayefuata mifugo na kurudi nao jioni. Usimchukue mtoto wa yule anayeshinda kwenye vibanda vya nyama. Kilebu akifika wiki 8 hivi unamweka karibu na mbuzi, alale hapo, ale hapo, azoee harufu yao kabla hajazoea jikoni kwako. Akimkimbiza mwanambuzi kwa mchezo, unamkanya siku hiyo hiyo, maana mchezo huo ukikomaa utakuwa uuaji. Na bado hujapata mlinzi. Utamlisha na kumwelekeza hadi afikishe mwaka mmoja na nusu au miwili ndipo umtegemee. Huo ndio mtaji: muthokoi uliobaki, ugali, mifupa, dagaa, na muda wa mtu wa kumwangalia.

Hapo ndipo mbwa wa bure anapotufilisi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Dkt. Philip Kitala na wenzake, walipita nyumba kwa nyumba Machakos wakichunguza mbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilifuga mbwa. Lakini mbwa dume, tangu kuzaliwa, alitarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Wastani huo unavutwa chini na vilebu wengi wanaokufa kabla ya kutimiza mwaka, ila kwa mfugaji hasara ni ile ile: kila kilebu anayekufa amekula chakula bila kulinda hata mbuzi mmoja. Fanya hesabu. Mbwa anayekufa na miaka 3 umemlisha miwili ya kukua, akakufanyia kazi mwaka mmoja. Anayefika miaka 9 umemlisha miwili ile ile, akakufanyia kazi miaka 7. Aliyekwenda kwa jirani kuchukua wa bure mara tatu katika miaka hiyo 9 amelipa gharama ya kulea mara tatu. Hajui tu, kwa sababu hakuna aliyemwandikia risiti.

Wanakufa kwa nini? Wengine kwa njaa na viroboto, wengine kwa magari, wengine kwa magonjwa ambayo chanjo ingeyazuia. Na kuna moja lisiloishia kwa mbwa: kichaa cha mbwa. Kiliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na hadi leo hakijatuondokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Kinga ya jamii nzima hupatikana asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, lakini timu ya Kitala ilikuta chini ya theluthi moja wamechanjwa.

Ndiyo maana hata kampeni nzuri hupotea. Mkichanja Agosti mwaka huu, kufikia Agosti ijayo sehemu kubwa ya waliochanjwa wamekufa, na nafasi zao zimechukuliwa na vilebu wapya wasio na chanjo. Serikali ina mpango wa kutokomeza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kati ya 2014 na 2030. Miaka iliyobaki ni michache, na mpango huo hauwezi kukimbia haraka kuliko mbwa wetu wanavyokufa.

Gharama ya pili haisemwi kabisa. Tukichinja, kichwa cha mbuzi chenye ugonjwa tunamtupia mbwa. Ndani ya ubongo wa mbuzi huyo huwa kuna kifuko cha maji chenye mabuu ya minyoo ya tegu. Mbwa akikila, tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi hadi malishoni. Mbuzi wako akila majani hayo, baada ya miezi anaanza kuzunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, hadi afe. Wamaasai wanauita ugonjwa huo ormilo. Hapa kwetu watu husema mbuzi amerogwa. Aliyemroga ni mbwa aliyepewa kumlinda, na dawa ya kuzuia uchawi huo ni kidonge cha minyoo kila baada ya miezi mitatu, pamoja na kukichemsha sana kichwa au kukichoma moto. Tegu wa jamii nyingine humwingia hata binadamu na kumwachia uvimbe wa maji kwenye ini, kama wanavyojua watu wa Turkana.

Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwaongoza, kupinga serikali ya kikoloni iliyowanyang'anya ng'ombe. Watu hao hawahitaji kufundishwa thamani ya mifugo. Kinachokosekana ni kumhesabu mlinzi wa mifugo kuwa sehemu ya mali.

Pendekezo langu ni kwamba mtoto wa mbwa wa Katelembo apate bei, ingawa ndogo. Bei ya jogoo mmoja inatosha. Kwa bei hiyo mwenye mbwa jike aonyeshe kadi ya chanjo ya mama, na vilebu wawe wamenyweshwa dawa ya minyoo kabla ya kuondoka. Mnunuzi naye aahidi kumpeleka wake kwa daktari wa mifugo akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu aliyetoa pesa hukilinda alichonunua.

Serikali ya kaunti isingoje Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo itoe magari na vipaza sauti. Chanjo ziwe minadani siku ya kuuza mbuzi, mara kadhaa kwa mwaka, bila malipo, kwani mbwa wa maskini ndiye anayekwenda malishoni na watoto. Sindano moja ya mbwa ni nafuu mno ikilinganishwa na sindano kadhaa za mtoto aliyeumwa, ukizingatia nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Na akiumwa, mwoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mstaafu, zile pesa ulizotenga kwa ajili ya German Shepherd zigawe hivi: bei ya jogoo kwa jirani, zilizobaki ziwe za chakula, chanjo na dawa ya minyoo kwa miaka 9. Hiyo ndiyo bei ya mbwa wa kuchunga mifugo, na ukiikwepa utailipa kwa mbuzi.