«Tukishindwa, hamlipi kitu»: fidia ya wahanga na malipo ya mawakili

Mtu anafika mtaani na karatasi. Anasema kuna kesi kubwa ya fidia inayofunguliwa ng'ambo. Anaandika majina, anachukua kopi ya kadi ya uchaguzi, anaomba sahihi au alama ya kidole gumba. Mama mmoja anauliza: «Ni bei gani?» Anajibiwa: «Hakuna kulipa. Tukishinda, wakili atajilipa. Tukishindwa, hamna deni.»

Huku kwetu mashariki, katika Ituri, Kivu na Tshopo, ambako familia nyingi zimepoteza nyumba, mifugo na watu wao, neno «fidia» halipiti masikioni bure. Na mara nyingi karatasi kama ile huanza kusomwa mlangoni pa kanisa, kwa sababu ndipo watu wanapokutana. Kwa hiyo ni vizuri wachungaji na washirika waelewe mkataba wa namna hii unafanyaje kazi, na ulileta mabishano gani pale ulipotumika kwa maelfu ya Waafrika.

Hesabu ya wakili

Nchini Uingereza mikataba hii imeenea tangu miaka ya 1990. Wakili anakubali kufanya kazi bila kupokea kitu mwanzoni. Kesi ikianguka, anapoteza jasho lake. Kesi ikishinda, analipwa saa zake za kazi, na juu yake anaongezewa kitu kinachoitwa nyongeza ya ushindi. Nyongeza hiyo inaweza kufika mia kwa mia, yaani malipo yake yanakuwa mara mbili.

Inaonekana kama tamaa, lakini ina hesabu yake. Wakili akichukua kesi mbili, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kushinda na ya kushindwa, atarajie kupata moja. Hiyo moja ndiyo inayolipa kazi ya ile iliyoanguka. Na kesi kubwa huanguka kweli. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19,9, gharama za kesi zikiwa ndani yake, kwa ajili ya Wakenya 5.228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Kesi nyingine ya Wakenya wapata 40.000 ikafuata, ikasikilizwa kwa miaka, na mwaka 2018 ikakataliwa. Hakuna mdai wake aliyepata hata shilingi.

Tena Uingereza ina kanuni kwamba anayeshindwa hulipa gharama za aliyeshinda. Mkulima maskini akishitaki kampuni kubwa na kushindwa, angedaiwa fedha ambazo ukoo wake wote usingeweza kulipa. Ndiyo maana mawakili hukata bima ya kesi, na bima hiyo nayo ni ghali.

Basi swali la kwanza si kama wakili anastahili ujira. Anastahili. Swali ni hili: ujira wake unatoka mfuko wa nani?

Yaliyotokea Abidjan

Usiku wa tarehe 19 mwezi wa 8, 2006, takataka zenye sumu zilizotoka katika meli ya Probo Koala zilimwagwa sehemu mbalimbali za mji wa Abidjan, Côte d'Ivoire. Meli hiyo ilikuwa imekodiwa na kampuni ya biashara ya mafuta ya Trafigura. Harufu ilitanda mitaani. Watu walitapika, wakaumwa kichwa, wakawashwa macho na kifua. Zaidi ya watu 100.000 walitafuta matibabu, na serikali ya nchi ile ilisema watu 15 walikufa. Kampuni haikukubali kwamba vifo vile vilitokana na takataka zake.

Ofisi ya mawakili ya Leigh Day ya London ilichukua kesi ya watu wapata 30.000 kwa mkataba wa «tukishindwa, hamlipi». Mwezi wa 9, 2009, kabla ya hukumu, pande mbili zilipatana. Kampuni ilikubali kutoa pauni milioni 30 bila kukiri kosa, na ikakubali pia kulipa gharama za mawakili mbali na fedha hizo. Kila mhanga alitazamiwa kupata wastani wa pauni 1.000, yaani franga CFA 750.000 hivi.

Kisha mawakili wakaleta hesabu yao: karibu pauni milioni 105, pamoja na nyongeza ya ushindi ya mia kwa mia na bima. Yaani kwa kila pauni moja ya wahanga, mawakili walidai zaidi ya pauni tatu. Kampuni ikakataa, na vita vipya vikaanza mahakamani, safari hii juu ya malipo peke yake.

Mawakili walikuwa na hoja. Watu 30.000 hawahesabiwi kwa siku moja. Kila mmoja alipaswa kuulizwa na kuandikiwa faili, tena nchi ya mbali na kwa lugha nyingine. Upande wa pili ulibisha kila hatua kwa miaka mitatu, na anayebisha sana huongeza gharama. Lakini mwezi wa 10, 2011, Mahakama ya Rufaa ya London iliwapunguzia. Iliona nyongeza ya mia kwa mia imezidi. Ikasema pia kwamba kazi ya kutafuta wateja na kuwafafanulia mkataba mpaka watie sahihi ni shughuli ya ofisi yenyewe, si deni la aliyeshindwa. Na jambo ambalo ni la maana kwetu: ilisisitiza kwamba gharama lazima zilingane na fidia inayogombewa.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyowapoteza

Wakati London wanabishana juu ya milioni 105, Abidjan kulikuwa na msiba mwingine. Fedha za wahanga zilitumwa katika benki ya huko huko ili wagawiwe. Kikatokea chama kilichojiita mwakilishi wa wahanga wote, na mwaka ule ule wa 2009 kikapata amri ya mahakama ya kuzifungia fedha zile. Mwanzo wa 2010 mahakama ya Abidjan iliamuru zikabidhiwe chama hicho. Mawakili wa London wakakubali kugawa kwa kushirikiana nacho.

Watu wapata 23.000 walilipwa. Wengine wapata 6.000 hawakuona kitu. Fedha zao zilipotea, na mwaka 2012 waziri mmoja aliondolewa serikalini kwa sababu ya mambo hayo. Baadaye sehemu ya wahanga waliishitaki Leigh Day wenyewe huko London. Mwezi wa 6, 2016, jaji alisema mawakili walikosa uangalifu: hatari ilionekana mapema, na fedha zingewekwa nje ya Côte d'Ivoire mpaka njia salama ya kugawa ipatikane. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Côte d'Ivoire ilivunja haki za wahanga, ikaiagiza iunde mfuko wa kuwafidia. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu usiku ule.

Tuangalie vizuri. Bili ya wakili, hata ingawa ilikuwa kubwa, haikutolewa katika pauni milioni 30. Wale 6.000 walipoteza kati ya benki na mkono wao, kwa chama ambacho wengi wao hawakukichagua. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ilibadilika, mzigo ukahama

Ugomvi wa Abidjan ulikuwa mmoja wa mingi. Wenye kampuni na bima walilalamika sana, na bunge la Uingereza likabadili sheria. Tangu mwezi wa 4, 2013, nyongeza ya ushindi hailipwi tena na aliyeshindwa. Inakatwa katika fidia ya mhanga mwenyewe. Kwa kesi za watu walioumizwa mwilini iliwekewa mpaka wa robo ya sehemu kubwa ya fidia. Bima ya kesi nayo, kwa kawaida, imehamia upande wa mhanga.

Kwa hiyo yule anayesema leo «hamlipi kitu» anasema nusu ya ukweli. Hamlipi mkishindwa. Mkishinda, mnaweza kulipa sana.

Waingereza wenyewe wameonja hayo. Wasimamizi 555 wa posta ndogo, walioshitakiwa wizi au kulipishwa fedha kwa sababu ya makosa ya programu ya kompyuta iitwayo Horizon, waliishitaki Posta. Mwezi wa 12, 2019, walipatana kwa pauni milioni 57,75. Kesi ilikuwa imegharimiwa na wenye mitaji, watu wanaotoa fedha za kuendesha kesi ili wapate sehemu ya ushindi. Wenye mitaji na mawakili walipokwisha kulipwa, zilibaki kama pauni milioni 12. Kila mmoja alipata wastani wa pauni 20.000 hivi, na wengi walikuwa wamepoteza nyumba. Serikali ililazimika baadaye kuwaundia mpango mwingine wa fidia.

Kwa nini watu bado wanakwenda London?

Kwa sababu kwao mlango umefungwa. Majirani zetu wa Chingola, Zambia, si mbali na mpaka wa Kasumbalesa, waliishitaki kampuni ya Vedanta kwa kuchafuliwa maji na mgodi wa shaba. Walikuwa wanakijiji 1.826. Mwezi wa 4, 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kesi isikilizwe London. Sababu moja kubwa: Zambia hairuhusu wakili kufanya kazi kwa mkataba wa kulipwa akishinda tu, hakuna msaada wa serikali kwa kesi kama ile, na maskini wangekosa mtu wa kuwasimamia. Mwaka 2021 pande mbili zilipatana.

Mapokeo ya sheria ya Wabelgiji na Wafaransa, ambayo sheria yetu inatoka humo, nayo yanakataza malipo ya avoka yategemee ushindi peke yake. Makusudi ni kumzuia avoka asigeuke mfanyabiashara wa mateso ya mteja. Ni kusudi jema. Lakini kama hakuna njia nyingine ya kumlipa, maskini anabaki na haki isiyo na mtetezi.

Njia nyingine zipo. Katika kesi ya Bogoro, kijiji cha Ituri kilichoshambuliwa mwezi wa 2, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliwalipa yenyewe mawakili wa wahanga. Mwaka 2017 wahanga 297 waliamuliwa kupata dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja. Ni kidogo, na wengi walisema hivyo, lakini wakili hakuigusa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325, na 225 kati ya hizo ni kwa madhara yaliyowapata watu. Hapo hakuna wakili wa mhanga mmoja mmoja, kwa maana nchi ndiyo iliyoshitaki. Hata hivyo malalamiko juu ya ugawaji yamesikika sana Kisangani. Somo ni lile la Abidjan: hukumu ni nusu ya safari.

Maswali manne kabla ya kidole gumba

Mchungaji akimruhusu mtu kutangaza kesi kanisani, amemwazima jina lake. Basi na aulize mbele ya watu wote:

1. Tukishinda, kitu gani kitakatwa katika fidia yetu, na mwisho wake ni kiasi gani? Jibu liandikwe kwa tarakimu: wakili, bima, na wenye mitaji kama wapo.

2. Tukishindwa, au mtu akitaka kujitoa katikati, nani atalipa gharama za upande wa pili? Bima iko wapi?

3. Fedha zitawekwa benki gani, kwa jina la nani, na zitamfikia mhanga kwa njia gani?

4. Huyu anayeandika majina ametumwa na nani, na analipwa na nani kwa kila jina? Kuna hata chama ambacho kitasema kwa niaba yetu bila sisi kukichagua?

Mkataba usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au lugha ya mahali, na kila mtu abaki na kopi yake. Mtu asiyejua kusoma aje na mtoto au jirani anayemwamini. Na kama jibu ni «tieni sahihi kwanza, maelezo yatafuata», karatasi irudishwe.

Kanisa la kwanza lilipopata manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakuwaambia wanyamaze. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wanaojulikana na wote. Wahanga wa Abidjan walikuwa na wakili hodari, na kampuni ililipa. Wale 6.000 walikosa watu wanaojulikana wa kusimama kati ya benki na mikono yao. Hao tunaweza kuwachagua sisi wenyewe, katika kila parokia, kabla kesi yoyote haijafunguliwa.