Moyo Uliosimama Haufunzi Mwendo wa Damu

Zamani, mtafiti aliyetaka kupima damu inavyopenya katika misuli ya moyo wa panya kwa kawaida alilazimika kumwua. Kila hatua ya ugonjwa ilidai kundi jingine.

Siku hizi ipo njia nyingine. Viputo vya gesi, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, hudungwa katika mshipa wa panya aliyelazwa kwa dawa. Mawimbi ya sauti tusiyoweza kuisikia yakivigonga, hung'aa kwenye skrini. Kisha mpigo mkali wa mawimbi huvipasua, na mtafiti hutazama vipya vikiingia. Vikichelewa, damu ni haba mahali hapo.

Wapo watakaosema kuwa mitambo hii ni ghali, na kwamba viputo vikizidi picha hutiwa kivuli. Ni kweli. Lakini panya yule yule hupimwa leo na hata mwezi ujao, hivyo wachache hutosha. Ndivyo walivyohimiza William Russell na Rex Burch katika kitabu chao cha mwaka 1959: idadi na mateso ya wanyama vipunguzwe.

Nasi walimu tusio na mitambo hiyo tusijitoe lawamani. Kabla ya kupasua mnyama darasani, tujiulize: ni swali gani linalodai kifo hiki? Moyo uliosimama huonyesha vyumba na vali tu. Anayetaka kujua mwendo wa damu na aanze kwa kushika kifundo cha mkono wake, ahesabu.